Pilau katika Nyumba ya Mfano

Nyinyi mliobaki ofisini mmenitaka niandike maarifa ya kazi. Maarifa sina. Nina malalamiko, na malalamiko ya miaka mingi yakipangwa vizuri hufanana na elimu, basi yachukueni hayo. Nimestaafu juzi tu, na hasira zangu bado mbichi. Vyeo na mishahara sitaviandika. Mwenye hamu navyo akaulize ofisi ya juu, na akijibiwa anijulishe na mie.

Nilianza udalali Kilburn, hapa London, katika ofisi ya kukodisha fleti iliyobanwa baina ya duka la nywele za bandia na duka la kutengeneza simu. Siku ya kwanza nilipewa shada la funguo zisizo na alama yoyote, nikaambiwa nenda kawaoneshe watu fleti. Watu wenyewe walikuwa familia ya Kikongo kutoka Bukavu, baba, mama na watoto wao, wamesimama mvuani mbele ya mlango wakiningoja nijaribu ufunguo mmoja mmoja. Mwisho yule mama akanyoosha mkono. "Dada, leta hizo funguo," akasema, na akaufungua mlango kwa ufunguo wa kwanza aliouchagua. Ndani alitazama ukuta wa chumba cha kulala, akaupapasa. "Huu ukuta uko unalia," akasema. Mimi nilikuwa nimefundishwa asubuhi ile ile kwamba unyevu wa ukutani unatokana na wapangaji kupumua sana. Nililisema hilo kwa sauti, mbele ya watu wazima. Waliichukua fleti kwa sababu hawakuwa na pengine pa kwenda, na kila nilipopita njia ile nilitamani nisionekane.

Aliyenifunza kazi kweli ni Bwana Harjit. Alikuwa Mpunjabi aliyezaliwa Kisumu, akikaa Southall, na Kiswahili chake kilikuwa cha dukani kwa baba yake, hakikubali kurekebishwa. Siku moja alinifuata nikionesha nyumba, akanisikiliza nikisifu dirisha, nikisifu zulia, nikisifu kituo cha basi. Tulipotoka akaniambia, "Wewe dada nasema mingi sana. Nyumba iko na mdomo yake. Wacha iseme." Tangu hapo nilijifunza kuingia, kufungua pazia, kisha kunyamaza. Alinifunza pia kufungua bomba zote kabla mteja hajafika, kutazama dari badala ya sakafu, na kutembea na mkoba wenye tepu ya kupimia, tochi, mifuko ya plastiki ya kuvika viatu, na balbu moja nzima, maana wenye nyumba wa London wanaweza kuuza jumba zima lakini balbu watakuachia imeungua.

Baadaye Bwana Harjit alichukuliwa na kampuni iliyokuwa ikiuza nyumba za jangwani, huko Ghuba, akanivuta na mie. Nchi siitaji, wala jina la makazi yale. Yalikuwa makazi ya wenye nazo: ukuta mrefu, geti, ziwa lililochimbwa kwa mashine, uwanja wa gofu wenye nyasi zinazonyweshwa kutwa, na nje ya ukuta mchanga mtupu mpaka macho yachoke. Ofisi yetu ilikuwa Harrow, London vilevile, na mwishoni mwa juma tukihamia hotelini kwenye maonyesho ya kuuza nyumba. Wateja wengi walikuwa Wahindi wa kwetu, waliotoka Kampala, Nairobi na Unguja, waliozeeka katika nyumba za Harrow na sasa wanataka jua. Na walikuja Wazanzibari pia, nusu kununua, nusu kula tende zetu na kunywa kahawa.

Katikati ya ofisi palikuwa na meza yenye mfano mdogo wa makazi yote, nyumba kama vibiriti, minazi ya plastiki, na vijitu vyeupe vinavyotembea kando ya ziwa. Kazi yangu ya kila asubuhi ilikuwa kuufuta vumbi kwa brashi ya kupakia poda, taratibu, kwa sababu minazi iking'oka haigandi tena. Niliufuta miaka mingi. Sikuona hata kijitu kimoja kilichozeeka, wala kilichobeba mtoto, wala kamba moja ya kuanikia nguo. Niliwahi kumuuliza msanifu majengo alipokuja, akanijibu kwamba nguo hazianikwi pale.

Maswali ya wateja yalikuwa ni yale yale. Wanaume waliuliza gofu, na ukiwatazama unajua hawajawahi kushika fimbo ya gofu isipokuwa kufukuzia paka. Wanawake waliuliza jiko. Jiko lenyewe lilikuwa wazi, limeungana na sebule. "Samaki nitakaangia wapi?" Swali hilo nimeulizwa na Mhindi, na Mshihiri, na Mpemba, na kila mara nililipeleka juu, na kila mara jibu lilikuwa kwamba jiko la wazi linaleta familia pamoja. Harufu ya samaki nayo inaleta familia pamoja, lakini si kwa namna waliyokusudia.

Sasa nije kwa Bi Zuwena, maana ndiye aliyenifanya nikubali kuandika.

Bi Zuwena alikuwa Mpemba, mtu mzima, mjane, akikaa Kilburn katika fleti ya ghorofa ya juu, na umri wake wote wa London aliumaliza katika kazi ya kutunza wazee wa watu. Magoti yalikuwa yamemwisha. Alikuja ofisini na binti yake Layla, aliyezaliwa hapa, anayesikia Kiswahili kama mimi na wewe na kujibu kwa Kiingereza. Alikaa, akakataa tende, akaniambia anachotaka bila kuzunguka.

"Mwanangu, sie tuko ndugu watatu wanawake. Kazija yuko Muscat kwa mwanawe. Raya, mdogo wetu, kabaki Pemba katika nyumba ya baba. Mie niko hapa na baridi yangu. Hatujalala chini ya dari moja tangu Raya anasukwa nywele na mama. Nataka nyumba ya kuzeeka sote watatu."

"Kwa nini jangwani, Bi Zuwena?"

"Hapa Raya wanamnyima viza. Kila akiomba wanamwambia hatarudi. Muscat Kazija hana kwake, yuko kwa mkwe. Huko kwenu nimesikia ukinunua unapewa kibali cha kukaa na ndugu zako."

Ilikuwa kweli. Alikuwa na akiba, na fungu la marehemu mumewe, na Kazija alikuwa na dhahabu. Mteja kama huyo dalali humuomba Mungu. Anajua anachotaka, na anachokitaka unacho.

Lakini mkisema Wapemba hawana haraka, hamjasema kitu. Bi Zuwena alikuja na akaja tena. Kila jambo lilipelekwa kwanza kwa dada zake kwa simu, sauti zikirekodiwa na kutumwa, na majibu yakisubiriwa huku chai yangu ikinywewa. Raya anauliza choo kimeelekea wapi. Kazija anauliza upepo. Raya anauliza tena, kwani kina nani wanakaa jirani? Nilimwambia ni watu wazuri, wenye uwezo. "Uwezo si jibu," Bi Zuwena akasema, akanirekodi nikilisema tena jibu lile lile ili Raya asikie mwenyewe.

Hatimaye kampuni ikakubali kuwapeleka kuiona nyumba, na mimi nikatumwa niwasindikize. Bi Zuwena na Layla tuliruka nao kutoka London. Raya alitoka Pemba kwa viza ya matembezi, mwembamba, mchangamfu, na begi lililokuwa zito kuliko yeye. Kazija aliletwa kwa gari kutoka Muscat, mnene, anacheka kabla ya kusema. Walipoonana getini hawakupiga kelele. Walishikana tu, wakasimama vile juani, mpaka mlinzi akaomba gari lisogee.

Nyumba tuliyooneshwa ilikuwa ya mfano, ile inayopambwa ili mnunuzi aone yake itakavyokuwa. Msiofika huko mjue: kila kitu ndani ya nyumba ya mfano ni uongo. Televisheni ni ubao. Ndimu kwenye bakuli ni za plastiki. Vitanda vinachongwa vifupi ili chumba kionekane kipana, na Bi Kazija alipojilaza kukijaribu kimoja miguu ilining'inia nje kuanzia ugokoni. Alicheka mpaka akalia. Mimi nilifanya kama nilivyofunzwa na Bwana Harjit, nikafungua mapazia, nikanyamaza, nikaiacha nyumba iseme.

Raya alikwenda moja kwa moja jikoni, akazungusha swichi. Hakukuwa na gesi. Akafungua bomba, halikutoa tone.

"Basi tutapika nje," akasema.

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Begi lake lilikuwa na mchele, bizari, vitunguu, na kawa za ukili za kufunikia chakula. Gari la Kazija lilikuwa na seredani, mkaa, sufuria, sinia, sahani, madumu ya maji, na mbuzi aliyekwishakatwakatwa. Walikuwa wamepanga tangu mwanzo. Kumbe kwao mama yao alikuwa hahamii pahala mpaka apike kwanza na awagawie majirani. Sahani ikirudi na kitu, hata ndimu moja, hapo pana watu. Ikirudi tupu na ahsante, pana watu vilevile. Ikirudi kama ilivyokwenda, utafute kwengine.

"Mum, you can't cook here, it's a show home," Layla akasema, uso umemwiva kwa haya.

"Tunanunua nyumba au tunanunua picha?" mama yake akamjibu, akashika sufuria upande wa pili.

Nilibembeleza. Nilieleza kanuni. Nilisema ukumbi wa nje, mbele ya mlango, umetandikwa marumaru kutoka Italia. Bi Kazija akaniambia nisihofu, marumaru hayaungui. Basi pilau likapikwa kwenye ukumbi wa nyumba ya mfano, moshi ukapanda wima maana upepo haukuwepo, na mimi nikasimama kati ya moshi na barabara nimetanua shungi langu, mwanamke mzima, nikijaribu kuuficha mlima.

Lilipoiva walipakua sahani, wakazifunika kawa, wakatoka. Nikawafuata. Ningefanyaje?

Nyumba ya kwanza walibisha hodi, wakabisha tena, kimya. Ya pili ilikuwa na kengele yenye kamera, na sauti ya mwanamume ikatoka ukutani ikiuliza kwa Kiingereza kama ni mzigo umeletwa. Bi Zuwena akaisogelea kengele, akatengeneza mtandio, akajibu kwa Kiingereza chake cha Kilburn kwamba wao ni majirani, inshallah, na wameleta chakula. Sauti ikasema ahsante, lakini mwenyewe yuko Toronto, waache kwa mlinzi. Ya tatu ilikuwa na msichana wa kazi. Tulimwona nyuma ya kioo. Alitikisa kichwa, akaweka kidole mdomoni, akarudi ndani akiwa bado anatutazama. Tulimaliza mtaa mzima. Nyasi zilikuwa zinanyweshwa mbele ya kila mlango na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyezikanyaga.

Tuliporudi tulimkuta mlinzi ukumbini, kijana mrefu wa Bungoma, anaitwa Wanyonyi.

"Shikamooni mama. Nimetumwa na wale wa kamera. Hapa hakuna ruhusa ya kuwasha moto."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?" Raya akamuuliza.

"Mama, hata mimi naweza futwa kazi."

"Nimekuuliza umekula?"

Hakuwa amekula. Alizima moto kwanza, akaripoti kwa redio kwamba umezimwa, kisha akakaa. Wakaja na watu wa bustani, wakagawiwa zile sahani zilizorudi. Akina dada wenyewe waliingia ndani, wakakaa chini sebuleni mbele ya televisheni ya ubao, wakala sinia moja. Raya alikuwa akizichambua nyama laini na kuzisukuma upande wa Kazija, kwa kuwa Kazija alikuwa na meno mabovu. Bi Zuwena, ambaye London sijawahi kumwona ameegemea kiti, alilala ubavu, kichwa kwenye paja la mdogo wake. Nikasema moyoni, wananunua. Mtu akiwaona hivi, wananunua.

Raya akanawa mikono kwa maji ya dumu. "Nyumba nzuri," akasema. "Lakini haina watu."

"Basi," Bi Zuwena akasema. Na jambo likaisha.

Ndani ya gari sikuweza kujizuia. "Bi Zuwena, mnataka majirani au mnataka ndugu zenu? Mko watatu, mnajitosha."

"Watatu leo, mwanangu. Sie wazee. Akifa mmoja wetu pale, nani atabisha hodi?"

Nilikasirika, na nasema wazi kwamba nilikasirika. Nilizikasirikia sahani, nikazikasirikia kawa, nikamkasirikia mama yao aliyekwisha kufa miaka hiyo. Niliporudi ofisini meneja aliniuliza wateja wamekataa kwa sababu gani. Nikamwambia, hakuna majirani. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa maji yana umaji. Akasema hiyo si kasoro, hiyo ndiyo bidhaa. Kisha akaniuliza nani atalipia kusafisha marumaru.

Msidhani Bi Zuwena alikata tamaa. Aliendelea kuja. Alitazama nyumba Muscat, ngazi zikawa kali. Alitazama Mombasa, akaambiwa hati ina maneno. Raya aliomba tena viza ya kuja London, akanyimwa tena. Bwana Harjit alikuwa amekwisha kustaafu wakati huo, nikampigia kumlalamikia. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huyo mama hapana tafuta nyumba, dada." Nikamuuliza anatafuta nini basi. Akasema hajui, lakini mtu anayetaka nyumba huchoka, akachukua iliyopo.

Kisha siku moja Bi Zuwena akaja peke yake, bila Layla, bila simu mkononi. Alikaa akautazama ule mfano mezani, na kwa mara ya kwanza akachukua tende.

"Kazija ametutoka," akasema.

Alifariki Muscat, asubuhi, moyo. Bi Zuwena hakuwahi maziko. Aliniambia majirani walikuwa wamejaa nyumbani kabla hata mwanawe hajarudi kutoka kazini, wamekwisha kumkosha na kumvika sanda dada yake, uji umekwisha kupikwa. Alilisema hilo polepole, bila kunisuta, na mimi nikaiweka brashi yangu chini.

Nikamuuliza sasa atafanya nini.

"Nakwenda Pemba. Kwa Raya."

"Kukaa?"

"Kukaa. Nyumba ya baba ina vyumba, vimekaa tu."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Vimekaa tu tangu lini?"

"Tangu mama alipofariki."

Nilihesabu kichwani chai zote nilizompikia, simu zote, safari ya jangwani, mbuzi. Nikamuuliza, na sauti yangu ilikuwa imepanda, kwa nini hawakwenda wote watatu tangu zamani.

"Raya hakutwambia njooni," akasema. "Alidhani sie watu wa Ulaya na Arabuni hatuwezi tena kuteka maji kwa ndoo. Akiona aibu na choo cha uani. Na sie hatukumwambia tunakuja. Tulioondoka ni sie, tukamwachia mama amuuguze peke yake mpaka mwisho. Unarudi vipi ukamwambia mtu, nipishe chumba? Ndo nikasema ninunue pahala pasipo pa mtu, tusionewe haya wala tusioneane haya."

"Na Bi Kazija?"

"Kazija akinisikiliza mie. Mie nikidhani Raya hataki. Juzi kwenye simu, tunalia, Raya ananiambia alikuwa akingoja mmoja wetu aseme."

Mimi nimekasirishwa na mengi katika kazi hii. Kuta zinazolia, majiko ya wazi, wanaume wa gofu, meneja na bidhaa yake. Lakini hasira niliyoipata siku ile haijashuka mpaka leo, na sijui niishushe wapi. Wanawake watatu wenye akili zao, wanaopendana vile nilivyowaona kwa macho yangu, na adabu imewakaba koo mpaka mmoja amekufa. Ningetaka kumgombeza. Badala yake nilimshika mkono, na tukakaa hivyo, meneja akipita na kutuuliza kama tumefunga biashara.

Tulimsaidia kuhama Kilburn mimi na Layla. Alipofika Pemba nilingoja atulie, kisha nikampigia. Nyuma yake nilisikia kuku, na Raya akimwita mtu dirishani. Nikamuuliza magoti, akasema yamepona nusu. Nikamuuliza nyumba, kwa mazoea tu ya kazi, vyumba vipo vipi.

"Vikubwa," akasema. Nikamsikia akifungua mlango mmoja, kisha mwingine.

"Tungeenea sote watatu."